Chumba, si wingi wa wati, ndicho kiamue spika za kununua

WANUNUZI wengi wa spika za nyumbani katika maduka ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, huanza kwa kusoma namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa boksi. Palipoandikwa wati 8,000 hulipiwa zaidi ya palipoandikwa 3,000, kisha mzigo hupakiwa kwenye bajaji kuelekea chumba na sebule. Baada ya siku chache mwenye mali hugundua kuwa besi inavuma mfululizo, maneno ya mwimbaji hayasikiki, na jirani hasalimii tena.

Namba hiyo, ambayo mara nyingi hufuatwa na herufi PMPO, haina kanuni inayokubalika ya kuipima. Kila kiwanda huikokotoa kinavyopenda. Kipimo cha kutegemewa zaidi ni RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo. Asiyekiona anaweza kugeuza redio na kusoma kibandiko cha umeme kilichopo nyuma: chombo kinachotumia umeme wa wati 60 hakiwezi kutoa muziki wa wati 8,000, muuzaji aape namna gani.

Hata wati za kweli hazielezi mengi. Kutoka wati 50 hadi 100 ni ongezeko la desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Ili muziki usikike kana kwamba umeongezeka maradufu, wati huhitaji kuongezwa takriban mara 10. Jambo la maana zaidi ni desibeli ambazo spika hutoa inapopewa wati 1 na kupimwa kwa umbali wa mita 1. Yenye desibeli 90 hutoa kwa wati 25 sauti ileile ambayo yenye desibeli 87 huitoa kwa wati 50.

Linalofuata ni chumba, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Sauti husafiri hewani takriban mita 345 kwa sekunde, hivyo wimbi la besi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Chumba chenye urefu wa mita 3.5 hutoshea nusu kamili ya wimbi hilo kati ya ukuta na ukuta, nalo hurudi na kujirundika. Aliyeketi karibu na ukuta husikia ngurumo, huku aliye katikati ya chumba akishangaa besi imekwenda wapi. Chumba cha mraba ndicho kigumu zaidi, kwa kuwa urefu na upana wake hukuza noti zilezile.

Kwa chumba cha aina hiyo, jozi ya spika ndogo zenye koni ya inchi 4 hadi 5 hutosha kabisa. Sebule ya mita za mraba 20 au zaidi ndiyo inayoweza kubeba koni za inchi 6.5 na kuendelea, au spika ndefu za kusimama sakafuni. Kuziweka pembeni kabisa, ukuta unapokutana na ukuta, huivimbisha besi, ingawa ndiko zinakowekwa katika nyumba nyingi ili zisizibe njia. Kuzisogeza mbele hata sentimita 30 huleta nafuu. Zenye tundu nyuma ndizo zinazohitaji nafasi zaidi. Kama nafasi hakuna, ni afadhali kuchagua zilizozibwa kabisa au zenye tundu mbele.

Sakafu ya marumaru, kuta za matofali ya saruji na madirisha ya vioo nazo hurudisha sauti nyembamba hadi sebule ikalia kama bafu. Zulia, mapazia mazito na makochi ya kitambaa hupunguza kasoro hiyo bila kununua chombo kipya. Besi, hata hivyo, haizuiwi na zulia.

Ladha ya msikilizaji ina nafasi yake. Mpenzi wa taarabu asilia, yenye fidla, kanuni na sauti ya mwimbaji, anahitaji spika safi katika sauti za kati kuliko sabufa kubwa. Ndivyo ilivyo kwa muziki wa dansi, ambao magitaa yake hupishana na kujibizana. Besi ikizidi, gitaa la pili humezwa. Anayependa singeli au amapiano ana haki ya kutaka sabufa, lakini itulie haraka baada ya kila pigo, la sivyo mapigo ya kasi hugeuka mvumo mmoja.

Njia ya kupima dukani ni kwenda na flashi yenye nyimbo tatu au nne anazozijua mnunuzi, kuomba vionjo vyote vya kuongeza besi vizimwe, kisha kusikiliza kwa sauti ya chini. Spika mbili zinaposhindanishwa ziwe na sauti sawa, kwani inayolia zaidi huonekana bora hata kama si bora.

Kwa wanaonunua spika za mtumba, wabonyeze taratibu pete inayozunguka koni. Pete ya sponji huoza kwa umri, na unyevu wa Pwani huiharakisha. Ya mpira hudumu zaidi. Redio zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia umeme wa volti 100, wakati wa Tanzania ni volti 230, hivyo bei ya transfoma ya kupunguza umeme ijumlishwe kabla ya kupatana.