Chini ya mwembe hakuoti kitu? Jaribu ua la mvua!

Kama una mwembe mkubwa uani, shida yangu unaijua. Kivuli kizuri cha kukaa na kusukana, lakini panda ua chini yake uone! Mimi hapa Nachingwea nilipanda mawaridi mara mbili. Yakarefuka kutafuta jua, yakanyong'onyea, yakafa. Baba watoto akanicheka: "Hela hiyo si bora ungenunua sukari?"

Dawa niliipata Ruangwa, mwezi wa Desemba, nilipokwenda kumsaidia mama mdogo kulima shamba jipya la ufuta. Chini ya miyombo, katikati ya majani makavu, yalikuwa yamechomoza maua mekundu ya mviringo kama mpira. Jembe likawa linayakata bila huruma. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Mimi naliita ua la mvua, maana mvua za kwanza ndizo zinazoliamsha. Nikawahi matunguu sita, nikayafunga kwenye khanga.

Usiku ule nusura nijute. Binti yangu alifungua khanga akadhani ni vitunguu, akaanza kuyamenya atie kwenye mboga. Mama mdogo akapiga kelele: "Weka chini mwanangu, hiyo sumu!" Na ni sumu kweli, shoga. Kuna sehemu za Afrika watu wamelitumia kwenye mishale na kuvulia samaki. Basi usiliweke jikoni, wala usilipande wanapofika mbuzi au watoto wanaotambaa. Ukishalishika, nawa mikono.

Kulipanda sio kazi. Changanya udongo na majani yaliyooza, fukia tunguu, kichwa kiwe usawa wa ardhi. Mvua zikiisha, majani yake yatakauka. Usilie, halijafa, limelala! Usilimwagilie mpaka mvua zirudi. Ndio maana linaweza kuishi na mwembe: kiangazi mti unapokunywa maji yote, lenyewe liko usingizini. Usilihamishe-hamishe, litasusa kutoa maua. Ukitaka kuotesha mbegu, chuma tunda likiwa jekundu, ondoa nyama, upande mbegu ikiwa bado mbichi. Kisha vumilia miaka mitatu au zaidi.

Ila usiende msituni kung'oa kwa pupa. Nachingwea tunajua msitu ukiondoka unavyoondoka: mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjika 1951, ulifyeka pori kwa matrekta, karanga zenyewe zikawagomea. Okoa lililo kwenye njia ya jembe, mengine yaache yalipo.

Yangu mwaka wa kwanza yalitoa majani tu. Desemba iliyofuata, mawili yakachanua. Siku hizi baba watoto ndiye anayewavuta wageni uani: "Njooni muone ua letu."

Letu! Haya, tukutane wiki ijayo.