Ndege, Chakula Chao na Mashamba Yetu



Wengi wetu tukisikia habari za ndege hufikiri wezi wa mpunga tu. Lakini ndege si wote wamoja. Yuko alaye mbegu, yuko alaye matunda, yuko anyonyaye maua, na yuko alaye wadudu. Pahala pakiharibiwa, kila mmoja hupata taabu kwa kadiri ya chakula chake.

Mfano tunaupata bara, katika Mkoa wa Mara, kwenye wilaya za wakulima kama Serengeti na Tarime, iliko Itiryo. Mwaka 2002 wataalamu Sinclair, Mduma na Arcese walitangaza uchunguzi wao, ambao ulilinganisha ndege wa mbuga ya Serengeti na wale wa mashamba yanayopakana nayo. Kiasi cha nusu ya aina za ndege walao wadudu, na nusu ya walao mbegu, hawakuonekana kabisa mashambani. Hata aina zilizoonekana, wingi wao ulikuwa 28 tu kwa kila 100 wa mbugani. Waliopungua zaidi ni wale watafutao wadudu majanini na mitini.

Sababu yake si ngumu. Majani yakilimwa yote, wadudu waliokaa humo hupungua, na ndege hana la kula. Mti ukikatwa, hana pa kuwinda. Kisha viwavi wakizuka katika mazao, mlinzi wa bure amekwisha hama.

Nasi visiwani tuyatie maanani hayo. Chozi hunyonya maua hata bustanini, basi hapati shida kubwa. Ninga wa Pemba ni mla matunda, na miti ya matunda ikiondoka hana riziki. Bundi mdogo wa Pemba hula wadudu, na huishi katika msitu wa Ngezi na katika mashamba ya mikarafuu mikubwa iliyosongamana. Ninga huyu na bundi huyu hawapatikani popote duniani ila Pemba.

Hatusemi mwanachama aache shamba liwe pori. Palilia chini ya mikarafuu ili uchumaji uwe mwepesi. Lakini miti ya mpakani na vichaka vya mabondeni visivyokudhuru, viache. Na mkarafuu ukifa, panda mwingine mahali pake. Kwa kufanya hivyo tutahifadhi mazao yetu, na pamoja nayo ndege wanaotusaidia kuyalinda.