Miraa Mbele ya Nguzo Tano

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa kwenye mtihani ataje nguzo za Uislamu, huzimwaga bila kusita: shahada, sala, zaka, saumu na hija. Akitakiwa nguzo za imani, ataongeza sita: kumwamini Mungu mmoja, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya kiyama, na kadari, ya heri na ya shari. Alama kapata. Lakini mpe swali ambalo mji wa Maua, katika Igembe ya Meru, hauwezi kulikwepa, kama Mwislamu anaruhusiwa kutafuna miraa, na orodha yote aliyoikariri itamwacha njiani. Igembe ndiyo kitovu cha miraa ya Kenya, na sehemu kubwa ya wateja wake, kuanzia Isiolo na Eastleigh hadi Wajir, Mandera na Mogadishu, ni Waislamu. Kwa maoni yangu swali hilo linaifundisha dini hii vizuri zaidi kuliko orodha, kwa sababu linalazimisha kutenganisha mambo mawili ambayo vitabu vya shule huyachanganya: yale machache yasiyojadiliwa, na yale mengi ambayo wanazuoni hubishana juu yake kwa kanuni.

Tuanze na yasiyojadiliwa. Nguzo za Uislamu na za imani zimo pamoja katika hadithi mashuhuri aliyoisimulia Umar bin Khattab, ambamo Malaika Jibrili anamjia Mtume Muhammad kwa sura ya mtu na kumhoji mbele ya masahaba. Kuhusu Uislamu anajibiwa kwa vitendo. Kuhusu imani, kwa yaliyomo moyoni. Vyote viwili vimo, kwa kuwa dini hii haimruhusu mtu kusema anaamini kisha siku yake ibaki kama ilivyokuwa. Sala huikata siku mara tano: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Zaka huingia mfukoni na kudai asilimia 2.5 ya fedha na mali ya biashara iliyofikia nisabu, yaani kile kiwango cha chini, na ikatimiza mwaka mmoja wa mwezi mwandamo. Saumu hushika mchana wote wa Ramadhani. Hija ni mara moja maishani, kwa mwenye uwezo.

Miraa haimo humo. Majani haya yalienea Arabuni karne nyingi baada ya Mtume, kwa hiyo hakuna aya wala hadithi inayoyataja. Panapokosekana andiko la wazi, mwanachuoni wa Kisunni hutafuta ijmaa, makubaliano ya wanazuoni, na asipoipata hutumia kiyasi: hulipima jambo jipya kwa jambo lililokwisha kutolewa hukumu. Pombe imekatazwa katika Kurani, sura ya Al-Maida, na sababu ya katazo ni kulevya. Je, miraa inalevya? Wapo wanaosema ndiyo: inabadili akili, inakula usiku na fedha za nyumba, basi ni haramu. Wengine hujibu kwamba mtafunaji hupata handasi tu, yaani ule uchangamfu wa miraa, yuko macho na anajua anachosema, basi haikuvuka kiwango cha makruhu, jambo lisilopendeza lakini lisilo dhambi. Katika karne ya 16 Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii aliyeishi Makka, aliandika risala nzima juu ya mjadala huu uliokuwa umewagawa wanazuoni wa Yemen. Alishauri watu wajiepushe nayo, lakini hakuthubutu kuiharamisha moja kwa moja. Hadi leo Saudia imeipiga marufuku, na ng'ambo ya mpaka, Yemen, inauzwa hadharani.

Mtu atasema: dini ambayo wanazuoni wake hawakubaliani ni dini isiyo na msimamo, kila mtu achague apendalo. Sivyo. Wanaobishana hapa wanakubaliana juu ya mambo mengi mno: kwamba kilevi ni haramu, kwamba mwili ni amana, kwamba lenye shaka ni heri kuachwa. Wanachotofautiana ni tabia ya jani lenyewe, na hilo ni swali la uchunguzi kabla ya kuwa swali la dini. Serikali zisizofuata sharia hazikufanya vyema zaidi. Uingereza ilipoipiga marufuku miraa mwaka 2014, jamaa wa Igembe wakapoteza soko kubwa, baraza la serikali hiyo yenyewe la washauri wa dawa za kulevya lilikuwa limependekeza isipigwe marufuku. Hata kahawa, zao jingine la Meru, iliwahi kukatazwa Makka mwaka 1511 na gavana aliyeogopa vikao vya wanywaji. Leo haidhuriki kwa fatwa yoyote, na kule Lamu hunywewa na wazee waliotoka msikitini.

Wapo pia wanaoona kwamba kuitaja miraa katika kipindi cha dini ni kuishusha hadhi dini, na kwamba mkulima Mkristo wa Igembe hana haja na fikihi, yaani sheria ya dini, ya mteja wake. La kwanza halina uzito, kwani fikihi ilizaliwa sokoni, nyumbani na shambani. La pili linakanushwa na biashara yenyewe. Mwaka 2006 Mahakama za Kiislamu, kundi lililokuwa likiitawala Mogadishu, ziliipiga marufuku miraa, na hasara ikafika hadi kwa mchumaji aliyeko juu ya mti.

Lakini nguvu ya nguzo huonekana pale hukumu ya jani inapowekwa kando. Hata mwenye kuiona miraa ni halali hana la kujitetea ikiwa kikao kilimkesheza hadi akalala, na sala ya alfajiri ikampita. Hapo iliyokosewa ni sala. Katika Ramadhani, kumeza maji ya jani mchana ni kufungua, hivyo mteja anayefunga husubiri futari. Zaka nayo ina hesabu yake. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Kenya, zaka ya mazao hutolewa kwa vyakula vikuu vinavyohifadhika, kama mahindi: moja ya kumi yakinyeshewa na mvua, nusu yake yakimwagiliwa kwa gharama. Miraa hainyauki tu, hupoteza nguvu kwa siku mbili hivi, ndiyo maana hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa kwa gari; haiingii katika hesabu hiyo. Anayeinunua ili aiuze, mradi ni halali kwake, hutoa 2.5 kwa mia ya mali yake ya biashara mwaka unapotimia. Na akitaka kuhiji kwa faida hiyo, shehe anayeiona miraa ni haramu atamwambia atafute fedha nyingine. Anayeiona makruhu atamwambia atoe zaka, alipe madeni, awaachie watoto chakula, kisha apande ndege.