Nakala mbili kwenye begi moja

Sauti yenyewe siyo kubwa. Tik, tik, tik, kimya kidogo, halafu tik, tik, tik tena. Ilikuwa Juni, na baridi ya Songea ya mwezi huo unaijua kama umewahi kuamka huko alfajiri. Nimekaa kitandani nyumba ya wageni, laptopu magotini, naisikiliza eksteno yangu ikigonga. Ndani yake kulikuwa na picha 41,000 za kamera za mtego, zile zinazofungwa kwenye mti na kujipiga zenyewe mnyama akipita. Nilizikusanya upande wa Namtumbo, kwenye ushoroba wa wanyamapori unaounganisha Selous na Niassa ya Msumbiji. Laptopu haikuiona kabisa diski. Nikaichomoa, nikaichomeka tundu lingine, nikabadili waya. Tik, tik, tik.

Asubuhi nikaipeleka kwa fundi mjini. Akaiweka sikioni kama daktari, wala hakugusa skrubu.

"Dada, hii ni hedi imekwenda. Una kopi nyingine?"

Nikamwambia ninayo, ipo kwenye laptopu. Sikuwa namdanganya, ila kopi yenyewe ilikuwa ya nusu. Laptopu ilishajaa, kwa hiyo picha za wiki tatu za mwisho nilizihamisha kutoka kwenye memori kadi moja kwa moja hadi kwenye eksteno, kwa kukata na kubandika. Kisha kadi tukazirudisha porini zikaandikwa upya. Picha 24,000 nilikuwa nazo. Picha 17,000 zilikuwa zinagonga mezani kwa fundi.

"Sasa kuhamisha siyo kukopi, dada," akasema. Pole yake ilikuja baadaye.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye picha nyingi na laptopu moja: mwanafunzi wa utafiti, mpiga picha wa harusi na kipaimara, au yule ndugu ambaye kila familia inamtegemea atunze picha za misiba na sherehe. Ushauri wa "fanya bakapu" kila mtu ameshausikia. Kinachoelezwa mara chache ni kwa nini bakapu nyingi zinakufa siku moja na kile zilichokuwa zinakilinda.

Kwanza ule mgongo

Eksteno za bei nafuu nyingi ni diski za kuzunguka. Ndani kuna sahani za kioo au aluminiamu zilizopakwa tabaka jembamba sana la sumaku, nazo kwenye diski ndogo za kubebeka huwa zinazunguka mara 5,400 kwa dakika. Juu ya kila sahani kuna kichwa cha kusomea kilichofungwa kwenye mkono, na kichwa hicho hakigusi sahani. Kinaelea nanomita chache tu juu yake, wakati unywele wako una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kinachokibeba ni hewa inayosukumwa na sahani inapozunguka. (Ndiyo maana watengenezaji huandika mwinuko wa mwisho wa kutumia diski hizi, kwa kawaida kama mita 3,000. Songea haina shida hiyo. Ukipanda nayo Kilimanjaro, iache imezimwa.)

Diski ikiwa imezimwa, mkono huegeshwa pembeni na inaweza kuvumilia mtikisiko wa pikipiki. Ikiwa inazunguka, kuanguka urefu wa goti tu kunatosha kukigonga kichwa kwenye sahani. Yangu ilianguka kutoka kitandani wakati inakopi. Ile tik tik ni mkono ukitafuta alama za kujiongoza zilizoandikwa kwenye sahani, ukizikosa, ukirudi mwanzo na kujaribu tena. Kila jaribio linaweza kukwangua sumaku zaidi, kwa hiyo ukiisikia, chomoa. Usiendelee kujaribu kama nilivyofanya mimi usiku mzima.

SSD haina kinachozunguka, na kwa mtu anayesafiri nayo ni bora zaidi. Inatunza data kwa kunasa elektroni kwenye seli ndogondogo. Ila nayo ina tabia mbili za kujua. Ikifa, mara nyingi inakufa kimya, leo ipo kesho haionekani. Na elektroni huvuja polepole inapokaa bila umeme, na joto linaharakisha uvujaji huo. Kiwango cha JEDEC kinataka SSD ya matumizi ya kawaida, hata ikishamaliza uwezo wake wa kuandikwa, itunze data mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi joto 30. Ikiwa mpya inatunza kwa muda mrefu zaidi ya hapo, lakini siyo kitu cha kufungia kabatini miaka saba ukasahau.

Flashi za "terabaiti 2" zinazouzwa bei ya chipsi sizizungumzii sana. Nyingi zina nafasi ya GB chache, na kidhibiti chake kimepangwa kuidanganya kompyuta. Unakopi, inakubali, majina ya mafaili yanaonekana yote, lakini picha mpya zimeandikwa juu ya za zamani au hazikuandikwa popote. Programu za bure kama H2testw na F3 huijaza flashi kisha huisoma upya, na uongo unaonekana hapohapo. Jaribu kabla ya kuiamini, na kabla muuzaji hajakusahau sura.

Hesabu iliyonidanganya

Kampuni ya Marekani iitwayo Backblaze huchapisha takwimu za diski zake, na kwa miaka mingi zinazokufa ni kama 1 hadi 2 katika kila 100 kwa mwaka. Hizo zimekaa kwenye chumba chenye ubaridi, hazipandi basi. Tuseme yako, inayobebwa huku na huku, ina hatari ya 5 katika 100.

Ukiwa na diski mbili, hatari ya zote kufa mwaka huohuo ni 5 katika 100 mara 5 katika 100, yaani 1 katika 400. Ukiwa na tatu, ni 1 katika 8,000. Inapendeza. Hesabu hii ndiyo inayotufanya tununue diski ya pili na kulala usingizi.

Lakini kuzidisha kunaruhusiwa pale tu matukio yanapokuwa hayajuani. Sasa weka diski zote mbili kwenye begi moja pamoja na laptopu, halafu tuseme hatari ya begi kuibiwa stendi au kulowa ni 2 katika 100 kwa mwaka. Wizi haujali una diski ngapi. Hatari yako ya kupoteza vyote sasa ni hiyo 2 katika 100 jumlisha ile 1 katika 400, karibu 2.25 katika 100. Ongeza diski ya tatu kwenye begi hilohilo: inashuka hadi 2.01 hivi. Umelipa pesa ya diski nzima kununua robo ya asilimia moja. Diski hiyohiyo ukiiacha kwa dada yako Mbinga, begi likiibiwa picha bado zipo.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni "kitu gani kimoja kinaweza kuziua zote?" Begi ni jibu rahisi. Nyumba ni jibu jingine, kwa moto au kwa paa linalovuja masika. Umeme nao: Songea imeunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018, jenereta za dizeli zikastaafu, lakini radi haijastaafu, na kilichochomekwa ukutani kinapokea inachopokea laptopu. Eksteno ya bakapu isikae imechomekwa muda wote. Hilo linakusaidia pia dhidi ya virusi vile vinavyofunga mafaili na kudai pesa, kwa sababu vinafunga kila diski vinayoiona.

Na kuna jibu ambalo watu hawalitegemei: wewe mwenyewe. Huduma zinazolinganisha simu, laptopu na wingu zinatimiza amri yako kila mahali. Ukifuta picha kwenye simu, inafutwa na wingu. Google Photos huiweka picha iliyokwisha kupakiwa kwenye kapu la taka siku 60, baada ya hapo imekwenda. Kulinganisha ni kitu kizuri, ila mkono wako mmoja unafika kwenye nakala zote.

Mwaka 1998 pale Pixar, mtu alitoa amri isiyo sahihi kwenye kompyuta na filamu ya Toy Story 2 ikaanza kufutika ikiwa bado inatengenezwa. Wakakimbilia bakapu, wakakuta haifanyi kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni kwamba mmoja wao, Galyn Susman, alikuwa amejifungua na akawa anafanyia kazi nyumbani, kwa hiyo kompyuta ya nyumbani kwake ilikuwa na nakala. Hakuna aliyeipanga kama bakapu. Iliokoka kwa sababu ilikuwa nyumba nyingine, mbali na ile amri.

Mpiga picha Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ambayo sasa inaitwa 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe mahali pengine. Ukiitazama vizuri, namba 3 ndiyo watu wanaikumbuka, lakini kazi kubwa inafanywa na ile 2 na ile 1.

Basi la Dar lina kasi kuliko bando

"Mahali pengine" wengi huambiwa ni wingu. Tupige hesabu. Picha zangu 41,000, kila moja MB 2.5, ni kama GB 102. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 4 kwa sekunde ni saa 57 mfululizo, bila umeme kukatika na bando kuisha, vitu ambavyo havitokei. Nafasi ya bure ya Google ni GB 15, na tangu Juni 2021 picha zako zote mpya zinahesabiwa humo. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ya Tanzania na majirani iliyumba kwa siku kadhaa. Mimi wingu nalitumia kwa picha mia chache ambazo nikizikosa nitalia. Zilizobaki zinapanda basi.

Sitanii. Diski ya terabaiti 1 ikiondoka Songea alfajiri na kufika Dar es Salaam baada ya saa 16, kupitia Njombe, Makambako na Iringa, ni wastani wa megabiti 139 kwa sekunde. Hakuna bando ninaloweza kununua linalofikia hapo. Ifunge kwenye nguo, iwe imezimwa, na nakala ya Songea usiiguse mpaka aliyepokea aseme imefunguka. Kama ndani kuna picha za watu, weka nywila kwenye diski nzima kwanza.

WhatsApp siyo njia ya kutunza. Inaipunguza picha na kuondoa tarehe na saa ya kupigwa. Ukilazimika, itume kama hati, hapo inafika kama ilivyo.

Mambo madogo yanayouma

Mradi wa Snapshot Serengeti ulifunga kamera 225 mwaka 2010, na kufikia 2013 ulikuwa na mafungu milioni 1.2 ya picha, ambayo yenye wanyama ni 322,653. Mengine ni nyasi zilizopepewa na upepo. Kwa hiyo kishawishi cha kufuta ili kupata nafasi ni kikubwa. Kwenye utafiti usifute, maana "hakuna aliyepita" nayo ni taarifa. Kwenye harusi futa zile za macho yamefumba, ila baada ya kukopi, siyo kabla.

Majina ndiyo mtego mbaya zaidi. Kamera nyingi huhesabu hadi 9999 kisha hurudi 0001, na kamera zako kumi zote zina IMG_0001. Ukizimwaga kwenye folda moja saa sita usiku ukabonyeza "badilisha" kwa uchovu, umefuta picha halisi bila diski yoyote kuharibika. Kila kadi folda yake, tarehe ikitangulia: 2024-06-12_kamera07. Mwaka ukianza, folda zinajipanga zenyewe.

Halafu hakikisha. Kwenye JPEG, baiti moja tu ikiharibika inaweza kuigeuza nusu ya chini ya picha kuwa kijivu, kwa sababu kila kipande kinasomwa kwa kutegemea kilichotangulia. Jina la faili na ukubwa havitakuonyesha hilo. Kinachoonyesha ni hashi, aina ya alama ya kidole ya faili. SHA-256 hutoa herufi na tarakimu 64, na baiti moja ikibadilika, alama nzima inabadilika. Windows ina amri ya certutil, Linux ina sha256sum. Kama amri zinakutisha, FreeFileSync inaweza kulinganisha yaliyomo kwenye folda mbili, siyo majina tu. Mimi natoa hashi siku ileile ya kukopi, kadi haifutwi mpaka alama zilingane kwenye diski mbili, na kila miezi mitatu nafungua picha kama hamsini za kubahatisha kutoka diski iliyokaa mbali.

Katika zile 17,000 kulikuwa na chui jike na watoto wawili, saa tisa usiku, kwenye njia ya maji karibu na hifadhi ya jumuiya ya Mbarang'andu. Siku nilipomwona kwenye skrini nilikuwa na askari wa wanyamapori wa kijiji, mzee aliyekuwa akinitembeza. Nilipiga skrini kwa simu nikamtumia WhatsApp, kwa sababu alitaka kuwaonyesha nyumbani. Mwezi uliopita nikamwuliza kama bado anayo. Akanitumia baada ya dakika mbili. Ina mistari ya skrini, haina tarehe, kona moja inaonekana kidole changu, na kwenye takwimu za tasnifu haiwezi kuingia. Ni picha pekee iliyobaki ya wiki zile tatu, na ipo kwenye simu ya batani na kioo kilichopasuka, Namtumbo.