"Uzembe wa Dereva": Hukumu ya Sentensi Moja

Utotoni kwangu Kiongoroni hakukuwa na gari. Kata yetu imo ndani ya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, na njia zetu ni mito. Mtu akitaka kwenda bara hungoja maji yajae, akapanda mtumbwi au boti, akapita katikati ya mikoko mpaka barabara inapoanzia. Magari tuliyajua kwa redio. Baba alikuwa na redio ya betri, na taarifa ya habari ilipoanza watoto tulinyamazishwa. Kwa hiyo kabla sijakanyaga lami nilikwisha kujua mambo matatu: magari hubeba watu wengi, magari hupinduka, na yakipinduka kosa ni la dereva.

Baadaye nikawa dereva mwenyewe. Nilianza na uutingo kwenye Fuso la nazi na korosho, enzi za kulala foleni tukisubiri kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Kisha nikashika usukani, na njia ya Dar es Salaam, Kibiti na Lindi nimeipita mara nisizoweza kuzihesabu. Ukikaa na madereva kijiweni, Kibiti, Jaribu Mpakani au Mbagala Rangi Tatu, utasikia lalamiko moja: redio na televisheni zinatuchukia. Nimelipima lalamiko hilo kwa miaka mingi, na ninataka kulieleza kwa haki, kwa sababu lina ukweli na lina upungufu.

Kwanza tuangalie habari ya ajali inavyopatikana. Mwandishi yuko mjini, ajali imetokea porini. Anampigia simu kamanda wa polisi wa mkoa, anapewa idadi ya waliokufa, aina ya gari na chanzo. Saa chache baadaye tunasikia maneno tunayoyajua kwa moyo: kamanda amethibitisha kutokea kwa ajali hiyo, chanzo ni mwendo kasi na uzembe wa dereva aliyetaka kulipita gari la mbele bila kuchukua tahadhari. Mara nyingine mwishoni huongezwa kwamba dereva amekimbia na anatafutwa. Aliyesema ni mtu mmoja. Dereva hakuulizwa, kwa kuwa amekufa, au yuko hospitali, au yuko mahabusu. Mwenye gari hakuulizwa. Hakuna uongo uliosemwa hapo, lakini hukumu imekwisha kutoka kabla mkaguzi wa magari hajaliona gari.

Hata hilo la kukimbia lina upande wa pili. Dereva akibaki kwenye ajali, mara nyingi watu wenye uchungu humpiga, na wapo waliouawa hivyo. Baadhi ya wanaokimbia hukimbilia kituo cha polisi. Msikilizaji akiambiwa tu kwamba dereva "ametoroka", anaona mhalifu.

Yalinikuta mimi mwaka 2013, karibu na Bungu. Tairi la mbele kushoto lilipasuka, Fuso likaacha njia na kulala ubavu. Utingo wangu alivunjika mkono, mimi nikapasuka kichwani. Tairi lile nilikuwa nimemwonyesha mwenye gari siku mbili kabla, limeisha, limebaki kipara. Aliniambia, "Maliza nalo safari hii, dereva, tutanunua." Jioni ile mama yangu, akiwa Kiongoroni, alisikia jina langu redioni pamoja na maneno "mwendo kasi" na "uzembe". Simu za kule zilikuwa za kubahatisha, na boti ilikuwa ya kesho yake. Kwa usiku mzima alichokuwa nacho kuhusu mwanawe ni sentensi ile moja.

Mkaguzi wa magari alikuja siku ya nne. Aliandika kwamba tairi lilipasuka kwa uchakavu. Nilitozwa faini ya kuendesha gari bovu, na nakubali ilikuwa haki, maana mwenye usukani ana wajibu wa kukataa gari lisilofaa. Suala la mwendo kasi halikuonekana popote katika karatasi zile.

Sasa upungufu wa lalamiko letu. Madereva wanaua watu. Nimeona basi likilipita lori mlimani, kwenye mstari usiokatika, likiwa limejaa watoto na wazee. Nimeona wenzangu wakipunguza mwendo mbele ya tochi ya trafiki, kisha wakakanyaga mafuta mara tu wakiipita. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021. Mtangazaji anayesema mwendo kasi unaua anasema kweli. Dereva anayetaka ajali zisitangazwe anataka watu wafe kimyakimya, na mimi simo katika hilo.

Ninachodai ni kwamba habari isiishie pale maswali yanapopaswa kuanza. Dereva yule alikuwa kwenye usukani kwa saa ngapi? Je, alikuwa dereva wa gari lile au deiwaka, yaani kibarua wa siku moja anayeshika gari asilolijua? Alipangiwa hesabu kiasi gani apeleke jioni? Anayedaiwa hesabu kubwa hukimbia ili aongeze safari, na anayelipwa kwa safari hukubali kuendesha akiwa na usingizi. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990, na swali la usingizi limezidi kuwa zito.

Mambo haya tuliyapigia kelele mwaka 2015. Aprili 10, na tena mapema Mei, madereva wa mabasi waligoma nchi nzima. Walitaka mikataba ya ajira, na walipinga kutakiwa kurudi darasani kwa gharama zao kila wanapohuisha leseni. Nilizifuatilia habari za siku zile. Nilichosikia zaidi ni abiria waliokwama Ubungo, na ni kweli walikwama na waliteseka. Mkataba ulitajwa kwa kupita tu, wakati mkataba ndio unaompa dereva nguvu ya kusema "gari hili siliendeshi" na bado akawa na kazi kesho.

Barabara nayo husahaulika. Baada ya Daraja la Mkapa kukamilika, kipande cha Ndundu hadi Somanga, cha kilometa 60 hivi, kilikaa miaka mingi bila lami. Magari yalizama, yalipinduka, abiria walilala porini. Habari ikisema dereva alishindwa kulimudu gari bila kusema alikuwa akiendesha juu ya nini, msikilizaji hawezi kujua amdai nani.

Maneno ya habari yana uzito unaopimika. Mwaka 2019 watafiti nchini Marekani waliwapa wasomaji habari ya ajali moja ya gari na mtembea kwa miguu, ikiwa imeandikwa kwa namna tofauti. Lawama zilihama kulingana na sentensi zilivyopangwa. Waliosoma habari iliyoeleza pia hali ya barabara na ajali nyingine za eneo lile walikuwa tayari zaidi kutaka barabara irekebishwe. Sweden ilikwisha kuipitisha fikra hiyo bungeni mwaka 1997: binadamu atakosea, kwa hiyo barabara na gari vitengenezwe ili kosa lake lisiwe kifo.

Wenzetu wa bodaboda wanajua kuliko sisi uzito wa kuhukumiwa bila kuulizwa. Mwaka 2017, wakati wa mauaji yaliyoitikisa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, pikipiki zilipigwa marufuku kutembea usiku. Hofu ilikuwa ya kweli na watu walikuwa wanakufa. Lakini kijana aliyekuwa akimpeleka mjamzito zahanati naye alitiwa katika kapu moja na muuaji, na hakuna aliyemfuata kumuuliza anaishije.

Kwa hiyo nawaomba wahariri wa redio na televisheni mambo mawili. Siku ya ajali, semeni "polisi wanasema", kisha ulizeni saa za kazi, hali ya gari na historia ya mahali pale. Na ukaguzi ukikamilika, matokeo yasomwe katika taarifa ileile ya saa mbili usiku, hata kama ni mwezi umepita. Nanyi madereva wenzangu, mkatae matairi ya kipara, mlale kabla ya safari, na mwandishi akija mseme ukweli wote, hata ule unaotuuma.

Mama aliishi miaka sita baada ya ajali yangu. Mimi nilimweleza yote kwa mdomo wangu, akaniamini. Majirani zake walikuwa na redio tu, na matokeo ya ukaguzi ule hayajasomwa redioni mpaka leo.