Hesabu za Kikundi Zisipotelee Kwenye Kompyuta

Vikundi vingi vya hapa Noonkopir, na vya kule ndani kuelekea Isinya na Kajiado, siku hizi vinaandika hesabu zao kwa kompyuta. Lile daftari kubwa limebaki kabatini. Orodha ya wanachama, hisa, mikopo na faini iko kwenye laptopu ya katibu, ama kwenye flashi inayopelekwa saiba kila mwisho wa mwezi. Sisi hatupingi jambo hilo, kwani kompyuta hujumlisha upesi na haichoki. Lakini tunawauliza wenzetu: faili hiyo ikipotea leo jioni, mama aliyeweka shilingi 200 kila wiki kwa miaka mitatu ataonyesha nini? Hizo ni zaidi ya shilingi 31,000. Kikundi kikianza kubishana juu ya pesa za namna hiyo, mara nyingi hakifiki mwaka mwingine.

Faili nyingi hazipotei kwa wizi. Zinapotea kwa mambo madogo. Stima ikikatika unapoandika, yale ambayo hujahifadhi, ama kusevu kama tunavyosema, yanaweza kwenda nayo. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na Kenya nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. (Tumbili mwenyewe alipona.) Basi usingoje kumaliza ukurasa ndipo uhifadhi. Bonyeza Ctrl na S pamoja kila baada ya mistari michache, hasa kama unatumia kompyuta ya mezani isiyo na betri.

Jambo lingine ni kuandika juu ya hesabu ya zamani. Katibu anafungua faili ya mwezi uliopita, anafuta tarakimu, anaweka mpya, anahifadhi. Kumbe mwezi uliopita ndio huo umekwenda! Kila mwezi toa nakala mpya kwanza na uipe jina lake pamoja na mwaka na mwezi, kisha ufanye kazi katika hiyo.

Na ukifuta faili kwa bahati mbaya? Kwenye kompyuta, tazama kwanza kikapu cha taka, mara nyingi utaikuta humo. Flashi ni tofauti: kinachofutwa kwenye flashi kwa kawaida hakipiti kikapuni. Hata hivyo usikate tamaa. Kompyuta inapofuta, mara nyingi inaondoa jina tu. Ni kama kung'oa kibandiko kwenye gunia la stoo: mahindi bado yamo, ila mwenye stoo sasa anaona gunia halina mwenyewe na anaweza kulijaza kitu kingine. Kwa hiyo chomoa flashi hiyo mara moja, usiandike chochote juu yake, na umpelekee fundi mwenye programu ya kurudisha faili. Laptopu za kisasa hazina huruma hiyo, zinasafisha nafasi upesi.

Flashi ikitoka saiba na virusi, unaweza kuona faili zako zimegeuka vishale vidogo. Mara nyingi zimefichwa tu. Wengi huogopa, na kompyuta ikiwauliza kama wanataka kuiformati flashi, yaani kuisafisha upya, wanajibu ndiyo. Jibu ni hapana, mpaka fundi aione.

Lakini kinga ni nakala za akiba. Wanavikundi wa kuweka na kukopa mnalijua sanduku la kufuli tatu, ambalo funguo zake hukaa kwa watu watatu. Utaratibu wa vikundi hivyo shirika la CARE lilianza kuueneza nchini Niger mwaka 1991. Wataalamu wa kompyuta nao wana hesabu inayofanana: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine kabisa. Hapo ndipo vikundi vyetu huanguka. Laptopu na flashi hukaa katika mkoba mmoja, na mkoba husahaulika ndani ya matatu moja. Nyumba ikiungua, au maji yakiingia kama mwaka 2024 Mto Athi ulipofurika, vyote vinakwenda pamoja. Flashi ya akiba na ilale kwa mweka hazina, si kwa katibu.

Nakala ya tatu inaweza kuwekwa kwenye mtandao, kwa mfano Google Drive, ambayo inatoa nafasi ya bure inayotosha sana kwa hesabu za kikundi. Ila mjue: kama laptopu imeunganishwa nayo, ukifuta huku na kule inafutwa. Hukaa kwenye taka siku 30, halafu basi. Akaunti iwe ya kikundi, na neno la siri liwe ndani ya bahasha iliyofungwa kwa mwenyekiti, maana katibu anaweza kuolewa Namanga ama kuugua ghafla. Faili nayo ifungwe kwa neno la siri. Humo mna namba za vitambulisho na za simu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazilinda.

Tena msizitupe kadi za wanachama. Kadi iliyojazwa kila mkutano ni nakala iliyotawanyika katika nyumba thelathini, na haihitaji stima. Taarifa za M-Pesa zinasaidia pia, lakini haziwezi kuonyesha pesa zilizolipwa mkononi.

Nakala ambayo haijafunguliwa bado ni tumaini tu. Mwaka 1998, huko Marekani, watengenezaji wa filamu ya Toy Story 2 walifuta kwa bahati mbaya sehemu kubwa ya kazi yao. Walipokimbilia akiba, wakakuta ilikuwa na kasoro muda mrefu bila mtu kujua. Waliokolewa na mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa na nakala nyumbani kwa sababu alikuwa akifanyia kazi huko akiwa na mtoto mchanga.

Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu, mtu asiye katibu afungue nakala ya akiba kwenye kompyuta nyingine mbele ya mkutano. Asome akiba za wanachama watatu watakaochaguliwa papo hapo, nao walinganishe na kadi zao. Tarakimu zikikataa, zitafutwe siku hiyo hiyo, wakati risiti bado zipo.