Utaifanya kwa mamlaka gani, na kwa franka za wapi?

Ndugu wanafunzi na wahitimu wenzangu, kampanye ya kwetu Nyangwe tunaijua: muziki, tishati, vitenge, chumvi, kisha mgombea anapanda gari anaenda zake. Swali hakuulizwa.

Huko Marekani kuna desturi moja nzuri. Maktaba ya mji inafungua ukumbi wake, wagombea wote wa kiti kimoja wanaketi meza moja. Mara nyingi anayeongoza ni chama cha raia kama League of Women Voters, kilichoanzishwa 1920, ambacho hakiungi mkono mgombea yeyote. Raia wanaandika maswali kwenye karatasi. Kila mgombea anajibu swali lile lile kwa dakika zile zile, na kuna mtu wa kushika saa. Kwa nini maktaba? Juu ya kuwa si nyumba ya chama, si ya dini, si ya tajiri.

Sisi tunahitaji jambo hili kuliko wao. Tarehe 20 Desemba 2023 tulichagua rais na madeputé wa taifa na wa mkoa. Washauri wa komine walichaguliwa kwenye makao makuu ya mikoa tu, kama Kindu. Mabaraza ya sekta na ya usultani bado, ingawa sheria ya 7 Oktoba 2008 inayataka. Njo maana deputé anatuahidi barabara. Lakini kazi yake ni kutunga sheria na kuchunguza serikali. Soko na njia za kijijini ni mambo ya sekta au usultani.

Miye nimesoma agronomia, naiona hasara yake: mkulima anavuna mpunga vizuri, njia imekatika, anauza kwa bei ya kutupa.

Na franka? Katika kila franka 100 za mapato ya taifa yanayotoka mkoani, katiba inauachia mkoa 40. Sheria ya 2008 inataka 40% ya hizo, yaani franka 16, ziende kwa miji, komine, sekta na usultani. Hiyo ni haki ya kwenye maandishi. Kuifuatia ni kazi ya baraza, na baraza halipo.

Siku uchaguzi huo ukifika, tusingoje jengo kubwa. Darasa la shule linatosha, viongozi wakijulishwa mapema. Wagombea wote waalikwe kwa barua moja. Asiyekuja, kiti chake kibaki wazi. Dakika tatu kila jibu, kwa Kiswahili, na wamama wa soko waulize kwanza. Zawadi zibaki nje. Majibu yaandikwe, yawekwe shuleni pamoja na vitabu, ili baada ya mwaka mmoja tuyasome tena mbele ya aliyeshinda.

Swali la kwanza liwe hilo la juu. Anayeshindwa kulijibu, chumvi yake mule, lakini kura mumnyime.